Siku 91 za Chai, Watu 961 wa Kabinda: Maisha ya Merikebu Nightingale

Wapenzi wa klipa, zile merikebu za matanga za karne ya 19 zilizojengwa kwa ajili ya mwendo, huhesabu siku. Watakwambia Flying Cloud ilitoka New York, ikazunguka Rasi ya Horn na kufika San Francisco kwa siku 89. Watakwambia Cutty Sark ilitoka Sydney ikafika Uingereza kwa siku 73, na kwamba Lightning iliwahi kukata maili 436 za baharini kwa siku moja. Nightingale nayo imo katika hesabu hizo: mwaka 1855 ilipakia chai Shanghai ikaifikisha London kwa siku 91. Kwa merikebu isiyo na injini, iliyovuka Bahari ya China, Bahari ya Hindi na Atlantiki yote kwa nguvu ya upepo na akili ya nahodha, hilo ni jambo kubwa, wala sina nia ya kulipunguza.

Ninachokataa ni kuzigeuza siku hizo kuwa ndiyo maisha yote ya meli. Miaka 6 baadaye, Aprili 1861, merikebu hiyohiyo ilikamatwa imetia nanga Kabinda, kaskazini ya mdomo wa mto Kongo, ikiwa na watu 961 waliofungiwa chini ya sitaha. Katika masimulizi mengi ya klipa niliyosoma, tukio hilo hupita kwa sentensi mbili tatu, likitajwa kama aibu iliyoiangukia meli nzuri, kisha msimulizi hurudi haraka kwenye matanga na rekodi. Mimi naona mambo yako kinyume. Kabinda ndipo Nightingale inapojieleza, na inapotueleza pia habari ya meli nyingine za aina yake.

Ilijengwa mwaka 1851 huko Eliot, katika jimbo la Maine, kwenye kingo za mto Piscataqua, ng'ambo ya bandari ya Portsmouth, New Hampshire. Fundi wake, Samuel Hanscom, alikusudia iwapeleke matajiri wa Marekani kutazama Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka huo, hivyo hakubana mkono katika mapambo. Jina lilitokana na Jenny Lind, mwimbaji wa Sweden aliyefananishwa na ndege huyo kwa sauti yake, na ambaye wakati ule alikuwa akizunguka miji ya Marekani kwa maonyesho yaliyoandaliwa na P. T. Barnum. Sanamu yake ilichongwa ikawekwa omoni, yaani mbele ya meli. Lakini fedha zilimwishia fundi kabla ya safari ya Maonyesho. Septemba 1851 meli ikapigwa mnada, na kampuni ya Sampson & Tappan ya Boston ikainunua kwa dola 43,500.

Portsmouth hiyo si ngeni kwetu. Edmund Roberts, aliyefika Maskati mwaka 1833 kuweka mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alikuwa mtu wa Portsmouth. Mkataba wake uliipa nguvu ya sheria biashara ya merikani, kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kilichoenea mpaka Unyamwezi, na ya pembe za ndovu na sandarusi zilizokwenda Salem. Nayataja haya kwa sababu bandari za kaskazini ya Marekani mara nyingi husimuliwa kana kwamba utajiri wao haukuwa na habari na Afrika. Ulikuwa nayo, magharibi na mashariki ya bara hili.

Turudi kwenye umbo la meli, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Meli za mizigo za zamani zilikuwa na omo butu na tumbo pana, kwa kuwa mwenye mali alitaka mzigo mwingi hata ukichelewa. Klipa iligeuza hesabu. Omo lilikuwa refu na kali, mwili mwembamba, milingoti mirefu, matanga mengi kuliko ambayo nahodha mwoga angethubutu kuyafungua. Nightingale ilikuwa na urefu wa futi 185, yaani mita 56 na kitu, na upana wa futi 36, mita 11 hivi. Kila kilichokatwa ubavuni kwa ajili ya mwendo kilikatwa kutoka nafasi ya mzigo. Juu ya hayo, kuyahudumia matanga mengi namna ile kulihitaji mabaharia wengi, na mabaharia wanakula na wanataka mshahara.

Meli iliyo ghali kuijenga na ghali kuiendesha, tena inayobeba kidogo, inaweza kumlipa mwenyewe kwa njia moja: ibebe kitu ambacho siku moja ya kuchelewa ni hasara kubwa. Chai ya msimu mpya ilikuwa kitu cha namna hiyo, kwa sababu ya kwanza kufika ndiyo iliyopata bei. Watu waliokimbilia dhahabu ya California, na kuanzia 1851 ya Australia, walilipa vizuri ili wafike kabla ya wenzao. Afyuni ya India ilipelekwa China kwa klipa ndogo tangu miaka ya 1830, kinyume cha amri ya serikali ya China, na huko mwendo wa kasi ulikuwa kinga dhidi ya wenye doria. Na binadamu waliotekwa walikuwa shehena inayokufa kadiri safari inavyorefuka, tena meli inayowabeba inawindwa na manowari. Ukiziweka shehena hizi pamoja, utumwa hauonekani tena kama ajali iliyoipata meli moja. Umbo la klipa liliufaa kuliko hata lilivyoifaa chai.

Wala jambo hili halikuanza miaka ya 1850. Skuna za kasi za Baltimore, merikebu ndogo za matanga ambazo wachambuzi wengi wa historia ya meli huzihesabu kuwa mama wa klipa, zilipendwa sana na wafanyabiashara wa watumwa baada ya Uingereza na Marekani kupiga marufuku biashara hiyo kwa raia wao mnamo 1807 na 1808. Biashara ilipokuwa halali, wauzaji walitosheka na meli pana zinazokwenda taratibu. Ilipoharamishwa ndipo walipotafuta chombo cha kukimbia. Sehemu ya ufundi tunaoushangaa leo ilikua mikononi mwa watu waliotaka kuipita sheria baharini.

Miaka ya mwanzo ya Nightingale, hata hivyo, ilikuwa ya chai. Mwaka 1849 Uingereza iliondoa sheria zilizozuia meli za kigeni kuleta bidhaa kama chai katika bandari zake. Desemba 1850 klipa ya Marekani, Oriental, iliingia London kutoka Hong Kong kwa siku 97, ikiwa imelipwa nauli ya pauni 6 kwa tani wakati meli za Waingereza zililipwa karibu nusu yake. Kila mwenye meli wa Boston na New York aliona mlango umefunguka. Nightingale ikapelekwa Australia, kisha China. Nahodha wake wa kwanza, John H. Fiske, alishindwa na klipa ya Waingereza iliyoitwa Challenger katika safari ya chai, akajiuzulu kwa uchungu, na Samuel Mather akashika nafasi yake. Wenye meli hawakukata tamaa. Walitangaza dau la pauni 10,000 kwa meli yoyote, ya Uingereza au ya Marekani, itakayokubali kushindana na yao kwenda China na kurudi. Hakuna aliyejitokeza. Kisha Mather akaja na zile siku 91.

Hata katika miaka hiyo safi, tusijidanganye kuhusu bandari ya Shanghai. Ilifunguliwa kwa wageni kwa mkataba wa 1842, baada ya vita ambavyo Uingereza iliipiga China kwa sababu ya afyuni. Sehemu kubwa ya chai iliyokunywewa London ilipatikana kwa fedha iliyotokana na afyuni hiyo. Nightingale haikuhitaji kubeba kasha hata moja la afyuni ili iwe ndani ya mzunguko huo.

Kisha soko likaanguka. Klipa zilikuwa zimejengwa kwa wingi kupita kiasi, nauli za mizigo zikaanza kushuka katikati ya miaka ya 1850, na msukosuko wa fedha wa 1857 ukamalizia. Meli zilizokuwa fahari ya magazeti zikabaki zimefungwa gatini au zikauzwa kwa bei ya chini. Mnunuzi mwenye sababu zake angeweza wakati huo kupata chombo cha kasi kuliko manowari nyingi za matanga, kwa sehemu ndogo ya gharama ya kukijenga.

Wanunuzi wa namna hiyo walikuwapo. Brazil ilikuwa imefunga bandari zake kwa watumwa mwaka 1850, lakini Cuba, koloni la Hispania, iliendelea kuwanunua kwa ajili ya mashamba ya miwa, na utumwa wenyewe haukukoma huko mpaka 1886. Mtu aliyenunuliwa kwa bei ndogo pwani ya Kongo aliuzwa Cuba kwa bei iliyozidi ya awali mara nyingi. Faida ilikuwa kubwa kiasi kwamba baadhi ya wenye meli waliziteketeza kwa moto baada ya safari moja ili kupoteza ushahidi, na bado hesabu yao ilibaki na ziada.

Bendera nayo ilisaidia. Marekani ilitangaza mwaka 1820 kwamba biashara hiyo ni uharamia na adhabu yake ni kifo. Lakini serikali hiyohiyo ilikataa katakata manowari za Uingereza kupanda na kupekua meli yenye bendera ya Marekani. Badala yake, kwa mkataba wake na Uingereza wa 1842, iliahidi kuweka kikosi chake yenyewe pwani ya Afrika. Kikosi hicho kilikuwa na meli chache, kwa miaka mingi za matanga matupu, za kulinda pwani ya maelfu ya maili. Nahodha wa watumwa aliyepata hati za New York alijua kwamba Mwingereza atamwona na kumpita. Mimi siwezi kuisoma sera hiyo kama uzembe tu. Nchi iliyokuwa na mamilioni ya watumwa ndani ya mipaka yake haikuwa na haraka ya kuikamata meli iliyobeba wengine, hata kama sheria yake ilisema vinginevyo.

Mwaka 1860 Nightingale iliuzwa, na mwisho wa mwaka huo ilikuwa chini ya nahodha Francis Bowen, aliyejulikana kwa watu wa kazi hiyo kama mkuu wa wauza watumwa. Ilipakia Uingereza vitambaa vya pamba, bunduki na baruti, hati zikisema inakwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Bidhaa hizo zilikuwa ndizo sarafu ya soko la Kongo. Manowari ya Marekani, Saratoga, chini ya kamanda Alfred Taylor, ilikutana nayo zaidi ya mara moja pwani ile na kuiachia. Dalili zilikuwa wazi, lakini Taylor aliona ushahidi wa kisheria haujatosha, maana meli haikuwa na watu ndani. Hatimaye, tarehe 21 Aprili 1861, Saratoga ilituma mashua zake usiku hadi ilipotia nanga Nightingale, Kabinda. Watu 961 walikuwa wamekwisha kupakiwa, na wengine walikuwa wakisubiriwa.

Kabinda leo ni kipande cha Angola kilichotengwa na nchi yake, kimezungukwa na Kongo mbili. Wakati ule ilikuwa moja ya milango mikubwa ya bahari kwa watu waliotolewa bara, wengi wao wasemaji wa Kikongo na lugha jirani.

Sasa irudie ile hesabu ya umbo. Chukua urefu wote wa Nightingale na upana wake wote, ufanye kana kwamba ni mstatili kamili: zinapatikana takriban mita za mraba 620. Gawa kwa watu 961. Kila mmoja anapata pungufu ya theluthi mbili za mita moja ya mraba, ya kulala, kukaa, kuugua na kujisaidia, kwa safari ya wiki nyingi. Na hesabu hiyo ni ya ukarimu, kwa sababu omo kali na tezi nyembamba, yaani mbele na nyuma ya meli, vile vilivyoipa mwendo, ndivyo vilivyopunguza eneo lenyewe, na pipa za maji na magunia ya chakula navyo vilitaka mahali. Wahenga wa pwani walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini tumboni mwa chombo. Historia ya klipa imekaa sana tezini na omoni, ikisifu mchongo wa Jenny Lind na urefu wa milingoti. Ngamani haijashuka vya kutosha.

Taylor alimkabidhi meli luteni John J. Guthrie aipeleke Monrovia, Liberia, mahali ambapo Marekani iliwateremsha watu iliowaokoa baharini. Safari ilichukua takriban wiki mbili. Tarehe 7 Mei waliteremshwa watu 801. Wengine 160 walikuwa wamekufa njiani kwa homa na maradhi mengine.

Idadi hiyo inaniuma kuliko nyingine zote katika habari hii. Mmoja kati ya kila sita alikufa baada ya kuokolewa, juu ya meli iliyokuwa tayari mikononi mwa serikali, nahodha wa watumwa akiwa hana amri tena. Simlaumu Guthrie kwa homa. Wale watu walikuwa wamekwisha kudhoofika kabla ya kupakiwa, baada ya mwendo mrefu kutoka bara na kusubiri katika vibanda vya pwani. Lakini aliyeikuta meli imejaa binadamu hakuwa na mahali pengine pa kuwaweka ila mulemule ngamani. Chombo hakikubadilika siku bendera ya ukombozi ilipopandishwa. Kwa hiyo nikisikia watu wakisema meli ni mbao tu na haina hatia, nakubali nusu ya maneno hayo. Mbao hazina hatia, lakini zilikuwa zimekatwa kwa kipimo fulani, na kipimo hicho kiliendelea kuua.

Bowen hakufika mahakamani. Alitoroka kabla Nightingale haijafika New York, na waandishi wa baadaye wamemtuhumu Guthrie kwamba alifumba macho. Guthrie alikuwa mtu wa Kusini, na mwaka huohuo aliliacha jeshi la majini la Marekani akajiunga na majimbo yaliyojitenga. Maofisa wa chini wa Nightingale ndio walioshtakiwa. Mmoja wao, Minthorne Westervelt, kijana wa familia yenye uwezo, alisimama mahakamani New York Novemba 1861, na jopo la raia waliokaa kuamua kesi yake lilishindwa kukubaliana. Hakuna aliyenyongwa kwa ajili ya Nightingale. Nathaniel Gordon, nahodha wa meli Erie aliyekamatwa karibu na mto Kongo mwaka 1860 akiwa na watu 897, ndiye aliyenyongwa, Februari 1862, na akawa wa kwanza na wa mwisho kupewa adhabu hiyo chini ya sheria iliyokuwa imekaa vitabuni kwa zaidi ya miaka 40. Miezi miwili baada ya kifo chake, Marekani na Uingereza zilitia saini mkataba uliowaruhusu Waingereza kupekua meli zenye bendera ya Marekani. Mlango uliokuwa wazi kwa miongo mingi ulifungwa kwa karatasi moja, mara tu serikali ya Washington ilipotaka.

Anayedhani Nightingale ilikuwa peke yake aitazame Sunny South. Iliundwa na George Steers, mchoraji wa yoti America iliyowashinda Waingereza mwaka 1851 katika mashindano maarufu ya kuzunguka kisiwa cha Wight. Sunny South ilianza maisha yake New York mwaka 1854 kwa sifa za uzuri na mwendo. Mwaka 1859 iliuzwa Havana, Cuba. Agosti 1860 ilikamatwa katika Mlango wa Msumbiji na manowari ya Uingereza, Brisk, ikiwa na mamia ya watu waliotolewa pwani ya Msumbiji. Brisk yenyewe ilikuwa njiani kwenda Unguja, ikiwa imewapakia John Hanning Speke na James Grant, waliokuwa wakienda kutafuta chanzo cha Nile. Speke aliandika kwamba wengi wa waliokutwa humo walikuwa Wayao. Siku chache baadaye Brisk ilitia nanga Unguja, na wasafiri wale wakaanza safari iliyowapitisha Tabora hadi Buganda. Habari za Nile zimesomwa na vizazi na vizazi. Wayao wa Sunny South hutajwa kwa nadra, ingawa walikamatwa ndani ya klipa ya mchoraji ambaye jina lake bado linatajwa kila linapotajwa Kombe la America.

Au Flora Temple, klipa ya Baltimore, iliyogonga miamba katika Bahari ya China ya Kusini Oktoba 1859 ikielekea Havana na vibarua 850 wa Kichina, wengi wa aina hiyo wakiwa wameghilibiwa au kushikwa kwa nguvu. Nahodha na mabaharia waliingia kwenye mashua. Wachina waliachwa. Hiyo nayo ilikuwa Cuba, miwa ileile, na soko lilelile lililoingoja Nightingale.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kusoma haya kama habari za Wamarekani peke yao. Majahazi yaliyopeleka boriti za mikoko Arabuni na kurudi na tende yaliweza pia kubeba watu kutoka Kilwa kwenda Unguja, na kutoka Unguja kwenda Ghuba. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, chini ya shinikizo la Waingereza, wala si kwa hiari ya wenye soko. Ninapenda jahazi, na ninawaheshimu mafundi wanaolijenga bila ramani. Lakini simulizi ya jahazi isiyotaja watu waliokuwa ndani yake ina upungufu uleule ninaoulalamikia hapa.

Maisha yaliyobaki ya Nightingale nitayapitia upesi. Julai 1861 jeshi la majini la Marekani liliinunua kwa dola 13,000, chini ya theluthi moja ya bei ya mnada wa miaka 10 nyuma, likaifanya ghala la makaa na silaha wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita vilipoisha ilikodiwa kwa kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya heshima kuliko zote ilizowahi kufanya: chini ya nahodha Charles M. Scammon, mtafiti wa nyangumi, iliongoza kundi la meli za mradi wa Western Union wa kuvusha waya wa telegrafu kutoka Marekani hadi Siberia kupitia Mlango wa Bering. Mradi ulikufa mwaka 1867, kwa kuwa waya wa chini ya Atlantiki ulikuwa umefanikiwa mwaka mmoja kabla. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, stima zikachukua chai. Mwaka 1876 Nightingale iliuzwa Norway, ikawa mbeba mbao. Mabaharia wake waliiacha ikizama Atlantiki ya Kaskazini mwaka 1893, ikiwa na umri wa miaka 42.

Wanaoipenda klipa hii huumaliza mwisho huo kwa huzuni, malkia wa chai akifa na mzigo wa kawaida. Mimi sioni cha kulilia. Kuvusha mbao za Norway ni kazi halali.

Kinachonishughulisha ni wale 801. Bunge la Marekani lilikuwa limeidhinisha mwaka 1860 malipo yasiyozidi dola 100 kwa kila mtu aliyeteremshwa Liberia, kwa ajili ya matunzo ya mwaka mmoja. Hawakurudishwa Kongo. Hakuna aliyewauliza wametoka kijiji gani ili wapelekwe huko. Waligawiwa kwa familia za walowezi weusi waliotoka Marekani, wakae nao kama wanagenzi, wajifunze Kiingereza, Ukristo na kazi, hali ambayo kwa wengi ilikaribia sana utumishi wa lazima. Pamoja na maelfu waliotolewa kwenye meli nyingine za watumwa, wengi wao miaka hiyohiyo, wakaitwa watu wa Congo, hata waliotoka kwingine. Walilima, walioana, walijenga mitaa, na baada ya muda waliingia katika tabaka la waliowapokea. Na ikatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga: wenyeji wa Liberia wakaanza kuliita tabaka lote la walowezi, pamoja na wale waliozaliwa Virginia na Maryland, kwa jina hilohilo la Congo. Jina la waliotolewa ngamani likawafunika waliokuwa mabwana wao, na linatumika Liberia mpaka leo.

Kwa hiyo anayetaka kuandika maisha ya Nightingale asiishie kwenye kumbukumbu za bandari za Boston, Shanghai na London. Sehemu ya historia yake ambayo bado ina wazao iliteremka Monrovia tarehe 7 Mei 1861, na huko ndiko atakakowakuta.